Saa ya Mvuke

Mzee Masizi alipofukuzwa kazi kwa wizi wa muda, mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mama Pasi. Alikuwa amesimama nyuma ya ile pasi kubwa ya kunyooshea mashuka, jasho linamchuruzika, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye meza za kukunjia: "Muda? Kauficha wapi, mfukoni? Mpekueni basi, huenda mkaukuta na ujana wangu humo humo!"

Wanawake wa kukunja wakaangua kicheko. Masizi naye akacheka, maana alikuwa bado hajaelewa. Alidhani ni upepo wa wakubwa, utavuma upite. Alipofika getini, mlinzi, kijana aliyezoea kumwita mjomba, akamwambia bila kumtazama usoni, "Naomba kitambulisho, mjomba, nimeagizwa," hapo ndipo kicheko kikamkauka mdomoni.

Kiwanda kile kilifua mashuka ya watu wasiojuana: ya hospitali, ya hoteli, ya mabweni. Mashine zote pale zilikula mvuke, mvuke ulitoka kwenye boila, na boila ilikuwa mikononi mwa Masizi. Boila ni kama mtoto mchanga, haikuulizi umelala au hukulala. Wenzake walipokuwa bado wanageukia upande wa pili kitandani, yeye alishaingia kwa mlango wa nyuma, kachokoa majivu, kawasha moto, kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiitazama sindano ya kipimo ikipanda kwa mwendo wa kinyonga. Wenzake walipofika, mvuke uliwapokea kama mwenyeji.

Na mvuke ukishashika, mpasha boila hana la kufanya kwa kitambo. Kitambo hicho watu wa kiwandani walikiita saa ya mvuke, na kilikuwa mali yake. Aliyempa ni msimamizi wa zamani, mtu aliyeanza kwa kusukuma mikokoteni ya nguo chafu, kwa hiyo alijua uchovu unakaa wapi mwilini. Alimwambia, "Bwana wee, unaamka kabla ya ndege. Mvuke ukishika, nenda kwako kapumzike, Mama Pasi atakutupia jicho hiyo sindano. Moto usizimike tu." Basi. Hapakuwa na zaidi ya hapo. Yalikuwa makubaliano ya mdomo, na mdomo wenyewe sasa umezikwa.

Baadaye akaja Meneja mpya na mashine yake ya vidole, ya kusajili nani kaingia kazini na saa ngapi. Ikafungwa kwenye geti la mbele, na ikawa haiwashwi mpaka wakati wa kuingia wote. Kwa hiyo Masizi alipokuwa akihangaika na majivu alfajiri, mashine ilikuwa imelala. Ikiamka, alitoka kwenye boila kwenda mbele, akaweka kidole kama wenzake, kisha akapita mlango wa nyuma kwenda kwake. Hakujua kwamba mlango wa nyuma nao umewekewa kamera. Alichowapa hakikuwa na shahidi. Alichochukua kilikuwa na picha.

Kwake alikuwa anaenda kufanya nini? Hapo ndipo penye mfupa.

Zamani alikuwa anaenda kwa mkewe. Mkewe alilala kitandani muda mrefu, nusu ya mwili imemkataa. Masizi alikuwa akifika, anamgeuza, anamwosha, anamlisha, anamvulia shuka na kumtandikia jingine. Ugonjwa ulimchukulia mkono na mguu lakini ulimi ulimwachia. "Wewe mwanamume," alikuwa akimwambia, "unafua mashuka ya ulimwengu mzima, hili langu moja unalitandika limekunjamana kama uso wa mama yako?" Masizi anavuta pembe, analinyoosha upya. "Hapo sawa," mkewe anasema. "Haya, nenda kawapikie matajiri maji yao."

Hali ilipozidi, Masizi alikwenda ofisini kuomba ruhusa ya kukaa naye. Akaambiwa, "Nani atapasha boila?" Akarudi kuipasha. Mkewe akakata roho mchana, mumewe akiwa anachochea moto ili mashuka ya wageni yanyooke.

Mashine ya vidole ililetwa baada ya hapo. Na Masizi, saa ya mvuke ikifika, miguu ikawa inamchukua kwake vilevile. Alifungua mlango, akavua shuka la upande wa mkewe, akatandika safi, akavuta pembe mpaka likanyooka. Halafu akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, kisha akarudi kazini. Shuka lile halikulaliwa na mtu. Yeye mwenyewe alikuwa analala kwenye kochi. Hakumwambia mtu, hata binti yake. Utamwambia mtu nini?

Ofisi ya chama cha wafanyakazi ilikuwa chumba kimoja chenye feni inayozunguka bila kutoa upepo na picha ya ngumi iliyokunjwa ukutani. Katibu wa tawi alimpokea kwa mikono miwili.

"Kaka yangu Masizi! Usiwe na wasiwasi. Chama ni nyumba yako."

"Nimekuja hii nyumba yangu mara tatu nikaikuta imefungwa," Masizi akasema.

Katibu akacheka cheko la watu wa mikutano, akaeleza. Malalamiko yana hatua. Kwanza kwa msimamizi. Ikishindikana, barua kwa utumishi. Ikishindikana, kikao na Meneja mwenyewe, na hapo chama kinasimama nawe bega kwa bega. Masizi alisikiliza, akaona ngazi. Hakuuliza juu ya ngazi kuna nini.

Hatua ya kwanza haikumaliza hata sigara. Msimamizi mpya alisema, "Mzee, mimi nimetumwa tu," akaondoka. Hatua ya pili ilikuwa kungoja. Alingoja mpaka binti yake, aliyekuwa akija na watoto kumtazama, akachoka kwa niaba yake.

"Baba, si uombe msamaha tu yaishe?"

"Msamaha wa kosa gani?"

"Kosa lolote wanalolitaka wao. Kodi haiulizi nani ana haki, Baba. Na kwetu unajua hali, mume wangu naye ni kibarua. Usiporudishwa, itabidi uiache nyumba hii uje kubanana na sisi."

Masizi akatupa jicho kwenye mlango wa chumba. Kuiacha nyumba ni kukiacha kitanda. Tangu hapo kazi ile haikuwa tena kazi tu.

Mama Pasi naye akaja, bado ananuka mvuke. "Nitasimama nitoe ushahidi," akasema. "Nitawaambia mimi ndiye niliyekuwa naangalia sindano. Wanifanye nini?"

"Watakufanya kama mimi."

"Wanifukuze! Nitakwenda kuwa malkia."

"Una watoto wanne, malkia. Funga mdomo."

Katibu alimwita tena karibu na siku ya kikao. Aliuliza huku akitafuta kitu kwenye droo. "Hebu niambie, ulikuwa unatoka kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kufanya nini?"

Masizi akaitazama feni. Katibu akainua kichwa, uso umemng'aa kama mtu aliyeokota kitu. "Mkeo! Marehemu msimamizi aliwahi kuniambia. Mkeo mgonjwa, yuko kitandani, sivyo? Kaka, mbona hukusema? Hii kesi ni yetu!"

Masizi akafungua kinywa. Simu ya Katibu ikalia. Katibu akanyoosha kiganja, akaitikia, akasema ndiyo mheshimiwa mara nyingi, akavaa koti. "Niachie mimi," akamwambia mlangoni. Masizi akabaki na kinywa chake wazi. Makato ya chama yalikuwa yakikatwa kwenye mshahara wake tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Lakini siku ya kumzika mkewe, chama hakikuonekana hata kwa kivuli. Angejuaje?

Angeweza kumkimbilia na kumwambia. Hakumkimbilia. Alijiambia labda ndivyo kesi zinavyosemwa, labda Katibu anajua njia zao. Mtu anayezama hachagui kamba.

Chumba cha kikao kilikuwa na baridi ya mashine na chupa za maji ambazo hakuna aliyezigusa. Meneja alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliomtisha Masizi. Mtu anayekuchinja kwa upole kisu chake amekinoa vizuri. Pembeni alikaa dada wa utumishi, mgeni pale kazini. Wakaonyesha picha ukutani. Masizi aliuona mgongo wake ukitoka mlango wa nyuma, tena na tena, shati tofauti, mgongo uleule. Hakuwahi kujiona kwa nyuma. Hakujua amepinda kiasi kile.

"Mzee wangu," Meneja akasema, "huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na mashine inasema ulikuwa kazini."

"Kazini nilishakuwepo kabla ya mashine kuamka, bwana. Mvuke haujitokei wenyewe. Nyote mnaukuta tayari, aliyewasha moto ni nani?"

Meneja akaitikia kwa kichwa, kama anayekubali. "Najua unawahi. Hilo halina ubishi. Kwa hiyo unakiri ulikuwa unaingia kiwandani bila kusajiliwa?"

Masizi akamtazama Katibu. Katibu akatazama chupa ya maji.

"Hilo ni kosa la usalama," dada wa utumishi akasema taratibu. "Na ukitoka, boila ilibaki na nani?"

Jina la Mama Pasi likamfika ulimini. Akalimeza. "Ilibaki na Mungu," akasema.

"Mungu hayupo kwenye zamu," akasema Meneja, wala hakutania.

Hapo Katibu akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Meneja, sheria tunazijua sote. Mimi naomba tuzungumze kama binadamu. Mzee huyu ana mke mgonjwa. Yuko kitandani, hajiwezi. Anakwenda kumgeuza, kumlisha. Huyu si mwizi wa muda, huyu ni mume!"

Masizi alihisi kama mtu amemwingiza mkewe mle ndani na kumsimamisha mbele ya wageni bila hata kumfunika.

Meneja akaweka kalamu chini. Uso wake ulilegea, ukawa uso wa mtoto wa mtu. "Mbona hamkusema tangu mwanzo? Mama yangu mzazi yuko hivyohivyo. Nayajua hayo." Akamgeukia dada wa utumishi, wakanong'onezana. "Kampuni si mnyama, mzee. Kama ni mgonjwa, tunaweza kuligeuza hili likawa onyo. Urudi kazini, utupangie na saa zako vizuri." Kisha akainama kidogo mezani, akauliza kwa huruma ya kweli, "Anaendeleaje sasa?"

Neno lilikuwa dogo. Hajambo. Au hata afadhali kidogo. Aseme tu, na boila ni yake tena, na saa ya mvuke, na mlango wake, na kiti chake kando ya kitanda. Katibu alikuwa akimtazama akitabasamu, amemwekea tonge mdomoni, kazi iliyobaki ni kumeza. Masizi akalitafuta neno lile kila kona ya mwili. Alilipata, akalileta mpaka kwenye meno. Pale likagoma. Alipokuwa hai hawakumtaka; leo amelala udongoni ndiyo wanamwulizia hali.

"Alikufa," akasema.

Tabasamu la Katibu likabaki usoni peke yake, halina mwenyewe.

"Alikufa kabla hamjaweka hiyo kamera. Niliomba ruhusa nikae naye. Ofisi hii hii. Mkaniuliza nani atapasha boila."

Meneja akaiokota kalamu. Uso wake ukafungwa, si kwa hasira, kama duka linavyofungwa saa zikifika. "Pole sana, mzee," akasema. "Lakini basi hizi siku zote kwenye picha, ulikuwa unakwenda kufanya nini?"

"Kutandika."

"Kutandika nini?"

"Kitanda."

Dada wa utumishi akaandika, akasita, akaandika tena.

Nje, kwenye korido, Katibu alimshika mkono kwa nguvu. "Umenivua nguo mle ndani! Neno moja, Masizi! Ungesema hajambo ungekufa?"

"Wewe ulijua amekufa?"

"Ningejuaje?"

"Ndicho ninachouliza na mimi."

Katibu akamwachia mkono. Akasema iko hatua nyingine, baraza la kazi, lakini kusema ukweli chama hakiwezi kubeba kesi ambayo mwenyewe ameitupa chini. Halafu Meneja akatoa kichwa mlangoni, akamwita Katibu kwa jina la utani, na Katibu akarudi ndani. Masizi akashuka ngazi peke yake. Kumbe juu ya ile ngazi ya malalamiko kulikuwa na hayo tu.

Mama Pasi ndiye aliyemletea habari za boila. Amewekwa kijana mwenye cheti, anaweka kidole getini pamoja na watu wote, halafu ndiyo anawasha moto. "Tunasimama wote tunangoja mvuke," akasema. "Kiwanda kizima! Tunapiga soga, tunasukana nywele, mashine imetusajili sote. Ati hakuna anayeiba." Akacheka, kisha akafuta macho kwa upande wa khanga, akasema ni jasho. Jasho halikuwapo.

Binti alikuwa amekwishapanga siku ya kuja kubeba vitu. Kochi litakwenda, na sufuria. Kitanda, alisema, hakipiti kwenye mlango wao.

Siku hiyo ilipofika, Masizi aliamka gizani kama kawaida, akakaa kochini, hana moto wa kuwasha. Jua lilipokuwa limekwishatoka ndipo alipoona juu ya mapaa moshi wa kiwanda ukitoka, mweusi, mzito. Kijana alikuwa anausonga moto, hajui kuuchochea. Saa ya mvuke ilipofika kwa mahesabu yake ya zamani, akaingia chumbani. Akavua shuka la upande wa mkewe, akatandika safi, akavuta pembe. Likanyooka. Akakaa kwenye kiti.

Akakaa mpaka wakati wa kurudi ukafika, ukapita, na hapakuwa na pa kurudi. Nje akasikia gari la kubebea vitu likirudi nyuma taratibu, na sauti ya mkwewe ikimwelekeza dereva. Akainuka, akalivua tena shuka lile, akalikunja vizuri kama wanavyokunja wanawake wa kiwandani, pembe kwa pembe, akakaa nalo mapajani wakimgongea mlango.