Folda Iliyoandikwa Mbichi

Mwanangu alikuwa mpiga video za harusi. Mtaani walimwita Simama Hapo, kwa kuwa hayo ndiyo maneno aliyomwambia kila mtu, kuanzia bwana harusi hadi mpishi aliyepita na sufuria mbele ya kamera. Homa ilimlaza hospitalini kwa muda mfupi sana, na kabla hatujajua ugonjwa una jina gani, alikuwa amekwisha kututoka. Alituachia kamera, taa zake za miguu mirefu, na diski ya nje nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni, ambamo alihifadhi kazi zake zote pamoja na picha za familia.

Picha hizo zilikuwa za mjukuu wangu, Kadogo, tangu siku aliyozaliwa. Mkaza mwana wangu, ambaye tunamwita Mama Kadogo, alizoea kuiunganisha diski ile na televisheni kila jioni baada ya chakula, nasi tukaketi kuzitazama. Wageni waliokuja kutupa pole nao waliomba kuziona, na hatukumnyima mtu. Nadhani diski ile ilifanya kazi nyingi zaidi katika majonzi yetu kuliko ilivyofanya katika harusi za watu.

Jioni moja Kadogo aliiona sura yake mwenyewe kwenye skrini, akaenda kuishika, na mguu wake ukanasa kwenye waya. Diski ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Tangu hapo kila ilipowashwa ilitoa mlio kama wa mtu anayegonga meza kwa ukucha, na picha zikakataa kutokea.

Kaka yangu, ambaye hukaa nasi, aliichukua, akaitikisa karibu na sikio, kisha akaipiga kofi kama tulivyokuwa tukizipiga redio za zamani. Picha moja ikatokea, ikazimika.

"Mmeona?" alisema kwa fahari. "Inataka nidhamu tu."

Baadaye alishauri tuifunge kwenye mfuko wa plastiki na kuilaza kwenye friji, sehemu ya barafu, maana alisikia kwamba dawa ni hiyo. Mama Kadogo aliitoa mikononi mwake taratibu, bila kumvunjia heshima, akamwambia, "Mjomba, hii si nyama."

Tulielekezwa kwa fundi mmoja, mwanamke wa rika la mkaza mwana wangu, ambaye majirani wa kazini wanamwita Daktari. Chumba chake kimebanwa kati ya saluni na cherehani za washonaji, na ndani mna harufu ya waya uliochomwa. Juu ya meza aliyoitandika mpira alikuwa na taa inayojikunja shingo, bisibisi ndogo kama sindano, na feni iliyofungwa kamba ili isitembee. Ukutani aliandika kwa kalamu ya wino mzito: TUNAOKOA, HATUFUFUI. Nilisoma maneno hayo kwa sauti, kwa sababu katika darasa langu la kisomo cha watu wazima tumezoea kusoma hivyo, ili mdomo na jicho visaidiane.

"Umesoma vizuri, mama," alisema. "Basi nisije nikadaiwa kufufua."

Alitutaka tueleze kila kitu, naye hakutaka tufiche. Tulimweleza habari ya waya, habari ya sakafu, na mwisho habari ya kofi. Akauliza ni nani aliyepiga kofi, nasi tukatazama chini.

"Kila nyumba ina mjomba," akasema, akavuta kiti.

Alitueleza kwamba ndani ya diski kuna sahani inayozunguka na mkono mwembamba unaoisoma, kwamba mkono ule umeumia, na kwamba kila tunapoiwasha unasoma huku unaikwaruza sahani. Kila tulipoijaribu tena baada ya kuanguka, tulikuwa tunaikwaruza. Kwa hiyo yeye hangefungua picha yoyote wala video yoyote humo ndani. Angenakili tu upesi kwenye diski nyingine, na tungetazama baadaye kile kitakachokuwa kimevuka. Aliiwasha kwa muda mfupi ili aone majina ya folda. Mlio ukaanza, majina yakatokea, nami nikayasoma moja baada ya jingine: NYUMBANI, TAYARI, MBICHI. Hapo hapo akaizima.

"Haitaniruhusu kuchukua zote," alisema. "Niambieni ya kwanza ni ipi, na muwe kama mnaojua kwamba ya pili hakuna."

"Nyumbani," Mama Kadogo alisema kabla Daktari hajamaliza.

Mimi nilikuwa bado nalirudia lile jina la mwisho. Daktari alinitazama, akamtazama mwenzangu, kisha akatutuma tukazungumze kwanza na turudi asubuhi. Alisema kwamba watu wengi hufika pale na jibu mkononi, na kazi ikiisha wanamlilia yeye.

Nilizungumza na mkaza mwana wangu alasiri hiyo uani, akiwa anafua nguo za mtoto. Nilimweleza jambo ambalo huenda hakulijua, kwa kuwa saa ambazo mumewe alikuwa akikata video yeye alikuwa kazini kwake, na mimi ndiye niliyekaa katika chumba kile nikikunja nguo. Mbichi ni video jinsi zinavyotoka kwenye kamera, kabla ya kukatwa na kupambwa. Katika hizo mwanangu anasikika kuliko mtu mwingine yeyote, maana ndiye aliyesimama karibu na kipaza sauti. Anawapanga watu, anawatania wazee, anaomba maji ya kunywa. Halafu akiketi kwenye kompyuta anaondoa kila neno lake na kumwaga muziki juu yake. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajifuta kama mtu aliyefanya kosa. Alinijibu bila kugeuka, "Mama, mteja hakunilipa anisikie mimi. Amelipa amsikie shangazi yake akilia."

Hata video ya harusi yake mwenyewe aliifunika muziki mwanzo hadi mwisho. Wala hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti. Aliandika, au alipiga simu, na simu ikikatwa haibaki na kitu. Kwa hiyo sauti yake, kama bado ilikuwapo mahali popote, ilikuwa katika folda ile ambayo kila mtu angeiita takataka.

"Imeanza kunitoka, mwanangu," nilimwambia. "Sura yake ninayo, mwendo wake ninao. Lakini nikijaribu kumsikia akiniita, najisikia mimi mwenyewe ninayejiita. Na huyu Kadogo hatakuwa nayo kabisa."

Mama Kadogo aliikamua nguo aliyoishika mpaka haikutoa tena hata tone.

"Siku aliyozaliwa imo humo," alisema. "Siku aliyosimama mara ya kwanza imo humo. Kwenye simu yangu nina picha mbili tatu tu, tena zina ukungu."

Sikumsukuma. Mama mzazi ana kilio chake, lakini yeye ndiye anayelala katika chumba chenye mashati ya marehemu, na mali ile ilikuwa yake kuiamulia. Kaka yangu alipendekeza tuitishe kikao cha familia, akae yeye kwenye kiti cha mbele. Nilimwomba anywe chai yake kabla haijapoa.

Asubuhi tulimkuta Daktari amekwisha kuiweka diski mbele ya feni na kuunganisha nyingine, nzima, pembeni yake. Alituuliza ni ipi. Mimi nilitazama ukuta. Mama Kadogo aliukumbatia mkoba wenye vitu vya mtoto.

"Mbichi," alisema.

Daktari aliiondoa mikono yake mezani. Alimwonya kwamba video hizo ni nzito mno, kwamba faili moja tu la mbichi lina uzito sawa na picha zote za Nyumbani, na kwamba picha zingeweza kuvuka zote salama ilhali video zikakwama njiani asipate hata moja iliyo kamili. Alimtaka afikirie tena.

"Katika picha za Nyumbani yeye hayumo," Mama Kadogo alimjibu. "Hata moja. Siku zote alikuwa nyuma ya kamera. Mtoto ninaye, namwona kila siku. Yeye ndiye nisiye naye."

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kumwambia kwamba maneno yangu ya jana yalikuwa ya mtu mzima aliyechoka, asiyafuate. Lakini kile nilichokitamani kilikuwa kinaelekea kutolewa, nami niliogopa kwamba nikifungua mdomo kitarudishwa.

Kazi ikaanza. Kwenye skrini palikuwa na mstari uliojaa polepole kama maji ndani ya chupa yenye shingo nyembamba, ukisimama kila mlio wa ukucha uliposikika. Daktari aliweka kiganja juu ya diski kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ikipata joto aliizima, akangoja, akaiwasha tena. Palipokataa kabisa alipavuka na kuendelea mbele. Wakati wote huo Mama Kadogo alikuwa ameushika mkono wangu, na sidhani kama alijua kwamba ameushika.

Faili la kwanza lilivuka. La pili lilipoanza, diski ilitoa mkwaruzo mrefu, ukapungua, kisha ule mzunguko wa ndani ukasita na kunyamaza. Daktari alibadilisha waya. Aliipumzisha, akajaribu, akaipumzisha zaidi, akajaribu upande wa Nyumbani pia, bila kuombwa. Sisi tuliendelea kungoja mpaka aliponyosha mkono na kuizima feni.

"Imekata roho," alisema. "Mniwie radhi. Nimepata hilo moja."

Mama Kadogo alimshukuru. Aliomba apewe na ile diski iliyokufa, akaitia ndani ya mkoba, chini ya nguo za mtoto. Daktari alitukabidhi faili letu kwenye flashi ndogo, akatueleza kwamba amehakikisha linafunguka, ila hakulisikiliza, kwa sababu halikuwa lake.

Nyumbani tuliichomeka flashi kwenye televisheni. Kaka yangu alikuwa amejiweka sawa kitini na kuvaa miwani. Kadogo alikuwa sakafuni anahangaika kuivika chupa kifuniko kisichokuwa chake.

Alitokea mzee mmoja aliyevaa koti kubwa, baba wa bibi harusi fulani tusiyemjua, amesimama mbele ya ukuta na mikono imemkakamaa. Watu walipita nyuma yake. Kwa muda hapakuwa na sauti isipokuwa ya vyombo vya mbali. Halafu mwanangu akasema.

"Mzee, pumua. Hakuna anayekukimbiza. Hiyo mikono si ndoo za maji, iache ilale. Eeh, hivyo. Sasa usinitazame mimi, mtazame binti yako. Fanya kama mimi sipo."

Sauti ilitoka karibu sana, na ilikuwa nyembamba kuliko nilivyokuwa nimeiweka kichwani. Katika miezi ile yote nilikuwa nimemtunzia sauti nzito, ya mtu mwingine. Mzee wa kwenye koti alicheka, mwanangu akacheka pamoja naye, kisha picha ikavunjika kuwa vipande vya rangi, mahali ambapo Daktari alipavuka, na video ikaishia hapo.

Kadogo hakuwa amegeuka.

Mama yake aliirudisha mwanzo, akamnyanyua mtoto na kumpakata, akamwelekeza uso kwenye skrini. "Sikiliza," alimwambia. "Baba huyo."

Mtoto alitazama vizuri, kwa adabu, kama afanyavyo anapoonyeshwa kitu na mkubwa. Alimwona yule mzee wa koti.

"Babu," akasema.

"Si huyo. Huyo anayesema."

"Babu," Kadogo alirudia kwa furaha, akampungia mkono, kisha akaomba ateremshwe, kwa kuwa kifuniko chake kilikuwa kimeviringika chini ya kiti.

Kaka yangu alivua miwani, akasema anakwenda kuangalia kama lango limefungwa, ingawa ilikuwa mchana. Video ilikuwa bado inaendelea. Siku zote za kwanza za mtoto yule zilikuwa zimezimika ndani ya mkoba uliotundikwa nyuma ya mlango, na aliyeziacha zizimike hakuwa amenilaumu hata kwa jicho.

"Mama Kadogo," nilianza, "zile picha za mtoto—"

Aliinua mkono. Hakuuinua kwa hasira.

"Usiifunike sauti yake kwa yako, mama," aliniambia. "Tumsubiri amalize."

Akairudisha video mwanzo. Tulikaa bega kwa bega, tukamtazama mzee tusiyemjua akiwa amesimama mbele ya ukuta, watu wakipita nyuma yake, tukingoja pale atakapoambiwa apumue.