Nyekundu Kabla ya Nyeusi

"…wamenichukua, Mjomba! Wamenichukua mimi, kati ya wote wale!"

Lakini kompresa ilikuwa ikinguruma, na mjomba wake ameinama, barakoa usoni, bomba la kupulizia rangi mkononi. Hakusikia hata neno. Chiriku, kama walivyomwita nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, akabaki mlangoni, habari zimemjaa mpaka kooni. Kazi ya kubuni mabango. Mji mwingine kabisa. Aripoti Jumatatu, apewe meza yake mwenyewe karibu na dirisha, jamani, dirisha!

Karakana ya mjomba haikuwa nalo. Aliliziba zamani, vumbi lisije likashika kwenye rangi. Humo ndimo Chiriku alimokaa tangu amalize chuo, kwa muda tu, walivyomwambia, mpaka macho ya mjomba yapate nafuu. Macho hayakupata nafuu. Na magari madogo ya rimoti, yale yanayowatoa watu wazima udenda, yaliendelea kuletwa yakiwa uchi, ganda tupu la plastiki angavu kama kioo. Yeye akayavika rangi, yakaenda kusimama kwenye makabati ya maonyesho, na wageni wakampa mjomba mkono wa pongezi. Hakuna aliyemfungia mlango. Ila kila alipotaja kuondoka, mama yake alimuuliza kwa upole kama amesahau ni nani aliyewapokea baba yake alipofariki. Basi, hoja ikaishia hapo.

Kompresa ikanyamaza. Mjomba akavua barakoa, anatabasamu kama mtoto aliyedokoa sukari.

"Afadhali umekuja, mama. Njoo uone. Hili nimelipaka mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho."

Lilikuwa gari la maonyesho ya kesho. Akamweleza, huku akijifuta mikono, kwamba alikuwa anajipima kimyakimya. Alijua fika binti anakaa kwa ajili yake, na hilo lilimkereketa rohoni. Sasa ameona mkono bado upo.

"Kesho nikishalifunua mbele ya watu, wewe nenda popote unapotaka. Sitakushika tena."

Chiriku nusura amrukie shingoni. Akalipokea ganda kwa mikono miwili. Nje lilikuwa limefungwa magazeti, maana mjomba ana mwiko wake: uso wa gari hautazamwi mpaka mwenye gari awepo. Akachungulia ndani. Taa, fremu za madirisha, mistari myeusi myembamba, yote imetulia juu ya wekundu uliokolea. Ilipendeza. Ilionekana vizuri mno.

Haikutakiwa kuonekana upande huu.

Magari haya hupakwa kwa ndani, na mtu huyatazama kwa nje, kupitia plastiki. Rangi inayotangulia ndiyo inayoonekana. Mistari kwanza, kisha nyekundu ije iifunike mgongo. Mjomba, aliyemfundisha hayo kwa kumshika kidole, alikuwa ametanguliza nyekundu. Chini ya magazeti yale hapakuwa na taa wala fremu. Ni donge jekundu, basi. Na rangi hii ikishashika plastiki haina kurudi.

Akimwambia, mzee atajua mkono umekwisha, na yeye hatoki tena humu. Akinyamaza, kesho mjomba ataumbuka mchana kweupe, na kutoka ndiko kutakuwa ndoto vilevile. Macho yake yakatangatanga mpaka kwenye rafu. Palikuwa na ganda jingine la aina ileile, tupu, halijaguswa, na usiku mzima ulikuwa mbele yake. Akaliona, akajuta kuliona.

"Chiriku kanyamaza? Leo mvua itanyesha," mjomba akacheka. "Na mbona uliingia mbio vile? Kulikoni?"

Akaliweka ganda mezani taratibu, akachukua aproni, akaanza kuifunga kiunoni.

"Ni habari ndefu, Mjomba. Wewe nenda kapumzike, mimi nitasafisha brashi. Kesho nitakusimulia yote."