Kibuyu cha Asali Ngurdoto

Jumanne tarehe 17 Septemba 1974, kabla jua halijakolea, wanamgambo waliezua nyumba ya Naftali huku mkewe Esta amelala ndani na homa. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilikuwa operesheni. Waliwapakia kwenye lori pamoja na kuku, kinu na mlango wa nyumba, wakawamwaga kwenye uwanja mtupu upande wa Kinyangiri, wakawaambia hapa ndipo kijiji. Esta alifia chini ya turubai la kuazima. Naftali akamrudisha kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka kwenye mahame yao, akamzika nyuma ya zizi. Hata udongo haujakauka, wanamgambo walikuja kumchukua tena, safari hii kama mtoro.

Tangu hapo alibaki na ombi moja: aruhusiwe kurudi kuishi kule, karibu na kaburi. Ruhusa ilikuwa mkononi mwa Katibu Tarafa, Ndugu Fabiano. Ukimfuata ofisini, yuko mkutanoni. Ukimfuata mkutanoni, ameshakwenda semina. Na si kwamba alikuwa mkorofi. Angekuwa mkorofi Naftali angejua pa kumshika. Huyu alikuwa anaamkia vizuri, "Shikamoo mzee," anakushika mkono kwa mikono miwili, halafu humuoni tena mpaka mavuno.

Mwaka wa pili kijiji kikawa cha kwanza kwa pamba. Watu walikuwa wameomba kisima. Wakubwa wakawapa safari ya kwenda kutazama wanyama katika Hifadhi ya Arusha, mlimani Meru.

"Mimi na mlima wapi na wapi?" Naftali alisema walipomtaja kati ya wasafiri.

"Nenda mzee, ukapumzike," alisema jirani yake Andrea, mtu asiyeweza kukaa kimya. "Ndugu Fabiano mwenyewe ndiye mkuu wa msafara."

Naftali akaingia ndani kutafuta shati. Mlimani hakuna semina. Huko atakimbilia wapi?

Alibeba kibuyu cha asali. Kwa wazee wa ukoo wake, mwenye ombi zito hafungui kinywa kwanza. Hutoa asali, mkubwa huonja, hufuta midomo, kisha huuliza, "Asali hii inasema nini?" Hapo ndipo unasema. Kusema kabla ya kuulizwa ni kumharakisha mkubwa, na mkubwa akiharakishwa hukataa.

Basi liliwatikisa kutwa nzima, Singida, Katesh, Babati, mpaka wakafika Usa River giza likiingia, wakapewa darasa la shule kulala. Naftali alimkabidhi Fabiano kibuyu palepale mlangoni, kwa mikono miwili, akangoja.

"Ahsante sana mzee! Jamani, mnaona moyo wa wananchi?" Fabiano hakuonja. Alikiweka kibuyu kwenye mkoba wake, akaenda kuulizia chakula.

Ubaridi wa mlima ni ubaridi wa kigeni. Wenzake walilala wawili wawili, wakichangia mablanketi na kucheka. Naftali alijikunja pembeni, na kwa mazoea nusu ya blanketi akaiacha upande wa ukutani, alikokuwa akilala Esta nyumbani. Akaiangalia ile nusu ilivyolala bapa. Hakuivuta.

Asubuhi waliingia hifadhini. Twiga, mbega wenye mikia kama ndevu za mzee, miti iliyoota manyoya. Watu wakawa kama watoto. Naftali alikuwa akimtazama Fabiano tu, akingoja aulizwe. Kila kitu kizuri alichokiona alitafuta wa kumgusa bega, akakuta pana hewa.

Walipofika ukingoni mwa Ngurdoto, bonde la duara lenye ukungu na nyati weusi wadogo kama mbegu chini kule, Fabiano akasimama mbele ya askari wa hifadhi, akatoa kibuyu, akahutubia. "Kwa niaba ya kijiji, tunawapa ndugu zetu zawadi hii ya asali ya Singida!"

Watu wakapiga makofi. Askari akachovya kidole, akalamba. "Tamu kweli. Karibuni sana."

Asali ilikuwa imekwenda, na asali haipelekwi mara mbili kwa ombi moja.

"Huko chini tunashuka lini?" Andrea akauliza.

"Hashuki mtu," alisema askari. "Hata mimi. Pameachiwa wanyama."

"Nao huwa hamuwahamishi?" Naftali akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu asubuhi.

"Tuwahamishe kwa nini, mzee? Hapo ndipo kwao."

"Mzee Naftali, ulikosea kuzaliwa!" Andrea akadakia. "Ungezaliwa nyati!"

Wakacheka wote, Fabiano naye akacheka. Kicheko kile ndicho kilichomsukuma Naftali. Akapita katikati ya watu, akasema ombi lake bila kuulizwa, mbele ya watu, asali iko kwa mwingine. Mambo yote matatu wazee wake wangeyakataa.

"Mzee wangu," Fabiano akasema polepole, "hayo ni ya ofisini. Leo tumekuja kupumzika."

"Ofisini hupatikani."

Mtu akaguna kucheka, akajizuia.

"Kule mahame hakuna zahanati. Ukiugua je?"

"Zahanati yenu mpaka leo ni msingi wa mawe. Mbuzi wanalala humo. Esta mlimleta kwenye zahanati?"

Fabiano akatazama chini. Alikuwa kijana bado, na ukungu ulikuwa umemlowesha nyusi. "Mimi sikuwepo siku ile, mzee. Natekeleza tu. Siasa yetu haitaki mtu akae peke yake porini. Tunataka watu waishi pamoja."

Dereva akapiga honi. Watu wakaanza kurudi kwenye basi wawili wawili, hata Andrea. Fabiano alibaki amesimama, mkono mmoja mfukoni. Naftali hakumwachia njia.

"Kwani hapo kijijini, Ndugu Katibu, mimi naishi na nani?"