Neno Lililokaa Juu ya Barua za Mkuu

Kipindi cha tatu cha Jumatatu kilipokwisha, mwalimu wa Kiingereza alianza kufuta ubao kutoka kushoto, kama alivyozoea, na alipofika katikati akaona neno because halipo. Although lilikuwa juu, therefore lilikuwa chini, na kati yao kulibaki nafasi nyeusi, safi, yenye upana wa viganja viwili. Alikuwa ameandika viunganishi kumi na viwili. Alihesabu, vikawa kumi na kimoja.

"Limepita mlangoni, Madamu," alisema binti wa fundi viatu kutoka dawati la pili, bila kuinua kichwa. "Limekata kulia."

Kulia ndiko kulikokuwa na ofisi ya Mkuu wa shule.

Mwalimu alimshukuru na kumalizia kufuta. Alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ndogo, na wanafunzi walimwita Kwa-Mfano, maana hakuweza kufika mwisho wa maelezo bila kusema hivyo. Alilijua jina hilo na hakuwakanya. Alikuwa amesikia wanavyowaita wenzake.

Mambo ya namna hiyo hayakuwa mageni. Wiki iliyotangulia darasa lilijifunza kuunda maneno, na vile vipande vinavyobandikwa mwishoni mwa neno vilidondoka ubaoni vikatapakaa sakafuni. Mama wa usafi, ambaye shule nzima ilimwita Shangazi, alivizoa akijaza ndoo.

"Hizi ness zinanasa kwenye ufagio kama nywele," alilalamika. "Fundisha vitu vikubwa vikubwa, mwanangu. Mgongo wangu si wa chuma."

Kipande kimoja cha less kilimganda mwalimu wa hesabu nyuma ya suruali, akatembea nacho siku mbili. Hakuna aliyemwambia. Yeye naye hakuwa mtu wa kuambiwa.

Because lilionekana adhuhuri, limelala kwenye korido juu ya kabati la mafaili. Lilikuwa na ukubwa wa paka aliyejikunja, jeupe, na lilipokaa palibaki vumbi la chaki. Ndani ya kabati hilo mlikuwa na nakala za barua za Mkuu.

Barua za Mkuu zilijulikana. Zote ziliandikwa kwa Kiingereza, na zote zilikuwa za mstari mmoja. Mpishi wa shule aliandikiwa kwamba asije tena kuanzia Jumatatu. Maktaba iliandikiwa, kwa kuwa haikuwa na mkutubi wa kuandikiwa, kwamba imefungwa. Chini ya mstari ilikuja sahihi ndefu yenye mkia, kisha muhuri. Hakuna barua iliyosema ni kwa nini.

Jumanne neno lilihamia ubao wa matangazo. Jumatano asubuhi mwalimu alilikuta chumba cha walimu, limekalia mkoba wake. Ndani ya mkoba, kwenye mfuko wenye zipu, mlikuwa na barua sita, moja kwa kila mwaka, zikimjulisha kwamba ataendelea kuwa mwalimu wa muda. Hakuwa amemwonyesha mtu. Alilisukuma taratibu kwa rula, akashangazwa kidogo na uzito wake tu. Kila lilipokaa lilizidi kuwa zito.

"Linakutafuta," alisema Shangazi akipangusa dirisha.

"Halinitafuti mimi, Shangazi. Limechoka tu."

"Haya. Mwenye macho haambiwi tazama."

Siku hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana, binti wa fundi viatu alipewa bahasha. Alifungasha madaftari yake, akarudisha rula aliyoazima, akaondoka.

Alhamisi saa mbili asubuhi baba yake alisimama nje ya darasa, mikono ikinuka gundi, bahasha ameishika kwa ncha za vidole asiichafue.

"Shikamoo, mwalimu."

"Jamani, mzee, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Wewe ni mwalimu wa mtoto wangu. Kubali tu. Nisomee hii, hiki Kiingereza chao mimi sikijui."

Mwalimu alisoma. Barua ilisema binti yake asirudi tena katika shule hii.

"Ndiyo. Endelea."

"Imeishia hapo, mzee."

Fundi aliichukua, akaigeuza. "Labda nyuma?"

Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Mimi mtu akinirudishia kiatu, ananiambia kimeachia wapi. Soli, kisigino, uzi. Hata mteja mkorofi ananiambia. Halafu mimi natengeneza." Aliikunja barua mara nne. "Sasa huyu mtoto nitengeneze wapi?"

Orodha ya watahiniwa ilikuwa ifungwe Ijumaa saa sita. Jina lisilokuwemo halingefanya mtihani, na mwaka mzima ungekwenda na maji. Mwalimu alisema atamuuliza Mkuu.

Alifika mlango wa ofisi saa nne. Alirudi. Alifika tena saa tano na robo, akakuta neno limetangulia na linamsubiri kizingitini, basi ikawa aibu kurudi mara ya pili. Aligonga. Waliingia wote wawili.

Mkuu alikuwa akipiga muhuri. Feni ya mezani ilikuwa ikizunguka, na kila ilipogeuka alizuia karatasi kwa kiwiko.

"Hili ni lako?" aliuliza, akiangalia chini.

"Ni la kidato cha nne, Mkuu."

"Limo kwenye daftari la stoo?"

"Hapana, Mkuu."

"Basi linatembeaje bila namba?" Alifungua droo akatoa kalamu ya wino mzito.

Mwalimu alishika ukingo wa kiti ambacho hakuambiwa akalie. "Mkuu, nimekuja kwa ajili ya binti wa fundi viatu. Baba yake anauliza. Kwa mfano, kama ni utovu wa nidhamu, au kwa mfano, kama ni..." Neno lilipanda taratibu juu ya meza, likakaa kwenye nakala ya barua ya binti, mwishoni mwa ule mstari, mahali ambapo nukta ilikuwa.

Mkuu alilitazama kama mtu anavyotazama chai iliyomwagika. Kisha alieleza, bila hasira hata kidogo.

"Mwalimu, marehemu aliyenitangulia kwenye kiti hiki alikuwa anaandika barua za kurasa mbili. Anaeleza weee, mpaka basi. Unajua wazazi walifanya nini?"

"Hapana, Mkuu."

"Walijibu." Alitikisa kichwa kwa kumsikitikia marehemu. "Barua yangu haina kwa sababu. Ina sahihi."

"Lakini sababu ipo, Mkuu?"

Lilikuwa swali refu kuliko yote aliyowahi kumuuliza. Mkuu alifikiri kweli kweli, akaangalia dari, akaangalia dirishani.

"Ilikuwepo Jumatano," alisema.

Feni ikageuka. Karatasi nyingine zote zilipeperuka zikaanguka, isipokuwa zile zilizokuwa chini ya neno. Mkuu aliliona hilo. Alikusanya karatasi zake, akainua neno kwa mikono miwili, akazipanga zote chini yake, akalirudisha. Feni ikageuka tena. Hakuna kilichotikisika. Alichukua kalamu akaliandika ubavuni namba 214, akamtaka mwalimu asaini kwamba limekabidhiwa ofisini.

Mwalimu akasaini.

Ijumaa saa sita orodha ilifungwa. Jioni alipita kibandani kwa fundi, amejiandaa kuomba radhi. Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda kati ya viatu vya watu, na miguuni pake, karibu na kopo la gundi, lilikuwepo although. Mwalimu hakuwa amegundua kuwa nalo limeondoka ubaoni.

"Madamu, nilimaliza ile kazi ya Jumatatu," alisema binti. "Ulisema sentensi kumi zenye because."

Mwalimu alichukua daftari. Nilifukuzwa kwa sababu nilicheka mstarini. Nilifukuzwa kwa sababu nilivaa soksi za kaka yangu. Nilifukuzwa kwa sababu nilimsalimia Mkuu kwa sauti ya chini. Nilifukuzwa kwa sababu nilimsalimia Mkuu kwa sauti ya juu. Zilikuwa kumi, kwa Kiingereza kizuri, kila moja na nukta yake.

Alizisoma zote akitafuta kosa. Halikuwepo. Aliazima kalamu nyekundu ya fundi, ile ya kuchorea ngozi, akampa kumi juu ya kumi.

"Hongera," alisema fundi, asijue ni ya nini, na akarudi kwenye kisigino chake.

Mwishoni mwa mwezi Mkuu alimwita mwalimu. Aliinua ubavu mmoja wa lile neno, akachomoa barua ya saba, akampa. Ilikuwa ya mstari mmoja: ataendelea kuwa mwalimu wa muda. Mwalimu alisema asante. Kabla hajatoka, Mkuu akiwa ameinamia muhuri, mwalimu alilipapasa neno mgongoni mara moja, taratibu, kisha akaenda darasani na vumbi lake la chaki vidoleni, ambako ubao ulikuwa umefutwa tayari, na wanafunzi wamesimama wakimsubiri.