Mgongo wa Wifi

Joyness alianguka kutoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe, akiwa ameketi kwenye kilele cha mafurushi ya pamba ambayo mumewe Bundala alikuwa akiyapeleka kwenye ghala la ushirika pale Ngulyati. Gurudumu liliingia kwenye korongo, ng'ombe wakavuta kwa nguvu, na mara akajikuta chini, ameulalia mkono wake wa kulia. Kitu kililia ndani ya nyama kama ukuni mkavu unaovunjika. Alipopata sauti aliulizia mtoto.

"Yuko nyumbani na Sayi," Bundala alimwambia huku akimfunga mkono kwa khanga. "Tulia, Mama Mayunga."

Akatulia kweli. Mtoto akiwa kwa Sayi hakuwa na wasiwasi.

Sayi alikuwa dada mkubwa wa Bundala. Aliolewa Nyalikungu, akakaa miaka mingi bila kuzaa, mwisho mume akamrudisha kwao na ng'ombe wa mahari wakarudishwa kwa mwenyewe. Alirudi na begi moja, akapewa nyumba ndogo upande wa pili wa ua. Hakuwa mtu wa maneno. Alilima, alichota maji, na jioni aliketi mlangoni pake akimwangalia Mayunga akitambaa uani. Akiombwa ambebe kidogo, alinawa mikono kwanza, kama anayeandaliwa chakula.

Hospitalini Bariadi walimfunga Joyness plasta kuanzia karibu na bega hadi kwenye vidole, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Hogo, wenyewe huliita, na kwa weupe na uzito wake lilifanana kweli na muhogo mkubwa uliomenywa. Daktari akamwambia arudi baada ya wiki sita. Lisilowe. Asitie kitu ndani.

Wiki sita si nyingi, alijiambia njiani.

Siku ya kwanza tu alijua kwamba mkono mmoja si nusu ya mikono miwili, ni kidogo kuliko hapo. Alipojaribu kusonga ugali, sufuria ilizunguka pamoja na mwiko, mafiga yakateleza, uji ukamwagika motoni. Kufunga khanga kiunoni ilibidi aibane kwa meno. Chooni alikwenda akiomba Mungu asiteleze. Kuoga aliogeshwa na Sayi, hogo likiwa limevishwa mfuko wa nailoni na kuinuliwa juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Mbele ya baba mkwe hakula kabisa, maana aliona aibu kupeleka tonge mdomoni kwa mkono wa kushoto. Alisubiri wazee watoke, akala ugali umeshapoa. Na joto likipanda, mkono uliwasha ndani kule kusikofikika. Akasahau onyo la daktari, akaingiza njiti ya fagio, ikakatikia humo humo.

Hayo yote angeyavumilia. Lililomshinda lilikuwa mbeleko. Mbeleko haifungwi kwa mkono mmoja. Alijaribu akiwa ameinama, akajaribu akiwa amepiga magoti kitandani, na kila mara Mayunga aliporomoka upande kama gunia lisilofungwa. Basi Sayi akawa anambeba. Alikwenda naye kisimani na shambani, akampikia uji, akamwosha. Joyness alibaki na kazi ya kumnyonyesha, akiwa amelala ubavu, Sayi akimweka mtoto na kusubiri pembeni mpaka ashibe.

Mchana mmoja Sayi alikuwa ameanika nguo nyuma ya nyumba na Mayunga akaanza kulia mkekani. Joyness hakutaka kumwita mtu. Aliinama, akamzoa kwa mkono wa kushoto, akamwinua mpaka kifuani. Mtoto alijinyonga kama watoto wanavyofanya. Joyness akageuka haraka ili asimwachie, na hogo likampiga Mayunga kwenye paji la uso.

Nundu ilitoka pale pale. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika, halafu ikarudi. Sayi alikuja mbio, akamchukua, akambeba mgongoni na kuzunguka naye uani. Bundala aliporudi aliitazama ile nundu kwa muda mrefu.

"Mwache Sayi amshike," alisema. "Wewe pona kwanza."

Hakusema kwa ukali. Joyness angependa zaidi kama angefoka, apate la kujibu.

Tangu siku hiyo Mayunga alilikwepa hogo. Akiwekwa kifuani kwa mama yake aliligeukia kwanza, akalitazama, akajivuta nyuma. Alinyonya kidogo na kuacha. Maziwa yakapungua, na Sayi akaongeza uji. Alipoanza kusimama alisimama kwa kushika khanga ya Sayi. Hatua zake za kwanza alizipiga kutoka kwenye kinu kwenda kwa Sayi, wakati Joyness yuko karibu zaidi, ameketi kwenye kigoda, mkono wake mmoja umenyooshwa.

Wiki sita zilipokwisha, picha ya eksirei hospitalini ilionyesha mfupa haujaunga vizuri. Daktari akamfunga hogo jipya.

"Mpaka lini?" Joyness aliuliza.

"Tutaona."

 Aliporudi nyumbani aliingia chumbani, akaugeuzia uso ukuta, na kwa siku kadhaa hakutoka ila kwa haja. Sayi alimletea chakula, akakikuta baadaye kimekauka. "Wifi, kula," alimsihi. Joyness alimsikia kwa mbali, na nyuma ya sauti ile alisikia mwanawe akicheka uani. Alijikuta akitamani mtoto alie. Alipogundua anatamani nini, alijifunika shuka usoni.

Ndipo mchana mmoja Mayunga akasema neno. Alikuwa mgongoni kwa Sayi, akampapasa shavu na kuita, "Mayu." Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. Joyness alikuwa mlangoni. Sayi alimwona, akasimama kama mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani mkononi.

"Sikumfundisha mimi, wifi," alisema.

"Najua."

"Nakuapia."

"Nimekwambia najua."

Hogo la pili lilikatwa kwa msumeno mdogo wa umeme. Mkono uliotoka humo haukuwa wake. Ulikuwa mwembamba, wa rangi ya majivu, ngozi ikibanduka, ukinuka kama kitu kilichosahauliwa kwenye debe. Kiwiko hakikunyooka. Daktari alisema kwa mazoezi huenda kikanyooka kidogo, lakini asitegemee kubeba kitu kizito. Joyness aliuogesha kwa sabuni mara mbili, akaupaka mafuta, akarudi Ngulyati. Ile mikono yote miwili aliyokuwa akiiota, alimnyooshea mwanawe. Mayunga aliutazama ule mkono uliopinda, akajificha nyuma ya miguu ya Sayi.

Jioni ile Joyness alivuka ua mpaka kwenye nyumba ndogo.

"Wifi, naomba uondoke," alisema. "Kwa muda. Mpaka anizoee."

Sayi alikuwa akichambua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ungo. Mikono yake ilisimama.

"Una haki," alijibu. Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini usimpe uji wa moto. Yeye anaupenda vuguvugu."

Asubuhi alipanda gari la kwenda Nyashimo, kwa binti wa shangazi yao, na begi lile lile moja.

Mayunga alimtafuta kwanza kwenye nyumba ndogo, akaupiga mlango kwa viganja. Kisha akalia. Joyness alimwimbia, akamfunga mgongoni kwa msaada wa Bundala, akamtembeza mpaka barabarani. Mtoto alijikaza kama ubao, akasukuma mgongo wa mama yake kwa ngumi zote mbili. Uji vuguvugu aliutema. Titi alilikataa, na hata kama angelikubali halikuwa na kitu tena. Siku zilizofuata alilia kwa sauti ya chini, ya mtu mzima aliyechoka, halafu akaacha kulia, akawa analala tu na kuutazama mlango. Homa ikampanda. Zahanati walimpima malaria, hakuwa nayo.

Bundala hakumlaumu. Aliketi na kofia mkononi, akangoja mkewe aseme mwenyewe.

"Nitamfuata," Joyness alisema.

Alimkuta Sayi Nyashimo, kando ya barabara kuu, akiuza mihogo ya kukaanga. Amekonda. Magari ya Musoma yalipita na kuwatimulia vumbi wote wawili. 

"Mtoto hali kitu," Joyness alisema. "Rudi nyumbani, mayu wake."

Sayi alifuta mikono kwenye khanga. Alilia akiwa amesimama, kimya, karai likiungua mbele yake.

"Usiniite hivyo, wifi."

"Nitakuitaje? Wewe njoo."

Walipoingia uani, Mayunga alikuwa mapajani kwa baba yake. Hakupiga kelele. Alinyoosha mikono tu, na alipofungwa kwenye ule mgongo aliushika kwa kucha, akalaza shavu na kulala. Homa iliondoka kesho yake bila dawa.

Sasa Sayi ndiye anayemwosha kila siku, na kila siku humwita Joyness aje kusaidia. Joyness huja. Huinama kando ya beseni, humimina maji taratibu kwa mkono wa kushoto, na mtoto hucheka, akiufuata mkondo wa maji kwa vidole, bila kuinua macho kumtazama anayemimina.