Teke la Bunduki ya Onni

Marehemu mume wangu Onni aliniachia sauna inayovuja na bunduki moja nzito iliyotundikwa jikoni, juu ya friji. Sauna niliirekebisha. Bunduki ndiyo imenikera miaka thelathini, na Oktoba iliyopita nikasema basi, imetosha.

Jumamosi hiyo mwanangu Roy aliingia bila kubisha, akapanda juu ya kiti changu na viatu vyake vya matope, akaitungua.

"Saima ameshatimiza kumi na miwili," akasema. "Msimu unafunguliwa wiki tatu zijazo. Tunapita dukani kwa Tulppo kurekebisha darubini yake ya kulengea, halafu anajaribu tena."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Mama, mimi niliulizwa?"

"Hukuulizwa. Shuka kwenye kiti changu."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya sweta imemfunika hadi kwenye nyusi. Mwezi wa saba alipiga risasi moja kwa bunduki ile. Ilimtupa nyuma, ikamwachia begani alama nyeusi kubwa kama kisahani. Tangu siku hiyo anasema kuwinda kunachosha, eti hataki. Uongo mtupu. Ni yeye aliyenionyesha mti ambao dume la kulungu limechubua gome kwa pembe, na ni yeye anayejua kulungu wanapita wapi kuja kula matufaha yangu. Alitaka kwenda kambini kwetu kwa kuwindia kuliko kitu chochote. Alichoogopa ni lile teke. Akilipata tena siku hiyo, tungempoteza moja kwa moja, awe mtu wa kusema mambo hayo siyapendi mpaka anazeeka, na moyoni anayapenda.

Nilijuaje? Kwa sababu jambo hilo nilikwisha kuliona kwa baba yake. Msimu wa tano huo Roy hakuwa ameleta nyumbani hata sikio la kulungu. Kila mwaka kosa ni la darubini. Amebadilisha darubini tatu, maskini ya Mungu, na shida haikuwa kwenye darubini. Nilikuwa dirishani siku Onni alipomshikisha bunduki ile akiwa na miaka kumi na mmoja. Nikaiona ikimpiga. Nikamwona analia. Nikamsikia Onni akisema, "Tena." Mara sita. Toka hapo Roy akikaribia kuvuta triga hufumba macho, na mwenyewe hajui. Nami nilisimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi, nikanyamaza. Onni alikuwa mtu mwema, lakini siku ile alikosea, na mimi nilikosea kuliko yeye.

Kwa hiyo kabla hatujaondoka nilishuka chini ya nyumba, kwenye meza ambayo Onni alikuwa akijazia risasi zake. Kazi hiyo ninaijua vizuri. Nikachukua ganda lililokwisha kutumika, nikalibana kichwa kipya cha risasi mdomoni bila kutia baruti hata punje, na kitako chake nikakipaka rangi yangu ya kucha nisije nikajichanganya. Kwa juu juu ilikuwa risasi kamili. Nikaitia mfukoni pamoja na mbili nzima.

Tulppo ana duka la bunduki, na nyuma ya duka ana uwanja wa shabaha. Alimtazama Saima, akamtazama Roy na ile bunduki, akakuna shingo.

"Kunja mkono, binti," akasema. Akakiweka kitako cha bunduki ya Onni kwenye kiwiko chake kwa ndani, akaangalia vidole vinafika wapi. Havikufika kwenye triga. Vilibaki hewani.

"Atakua," Roy akasema.

"Atakua, ndiyo. Kulungu atamsubiri?" Tulppo akashusha bunduki nyingine, nyembamba, ya risasi ndogo. "Hii haina teke la kumwumiza mtu. Kitako nakikata vidole viwili, kipande namfungia kwa uzi akitunze. Akirefuka tunakirudishia."

"Hiyo ni ya kuulia panya."

"Nimeuza za panya kama hizo nyingi tu, na kila Novemba wanakuja kunionyesha picha za kulungu wao. Picha yako sijaiona siku nyingi, Roy."

Roy akawa mwekundu. "Darubini mbovu. Njoo uwanjani nikuonyeshe. Na wewe Saima, angalia, uone hakuna cha kuogopa."

"Nitakujazia," nikasema.

Hakunishuku. Mama mzee, kumjazia mtoto wake risasi, kuna ubaya gani? Niliweka nzima, nikaweka ya rangi ya kucha, nikaweka nzima. Tukavaa vifaa vya masikioni.

Ya kwanza ililia ikarusha mchanga, chini kabisa ya karatasi ya shabaha. Akakoki bunduki, ya pili ikaingia, akalenga, akavuta.

Tik.

Hakukuwa na mlipuko wala teke. Lakini mwanangu, mwanamume wa miaka arobaini na moja mwenye ndevu, alikuwa amejikunyata kama mtoto anayesubiri sindano. Mabega yamepanda masikioni, mdomo wa bunduki umeinama hadi kwenye majani, na macho ameyafumba kwa nguvu zake zote.

Alipoyafumbua alikuta tunamtazama. Nilidhani Saima atacheka. Hakucheka. Aliivuta kofia yake nyuma.

"Baba," akasema. "Kumbe na wewe?"

Roy akaiweka bunduki mezani, akanigeukia. "Umeniwekea nini, Mama?"

"Nimekuwekea isiyo na baruti."

"Mbele ya mtoto wangu?"

"Hasa mbele ya mtoto wako. Ungependa na yeye awe hivyo?" Nikamsogelea. "Nilikuwa dirishani, Roy. Zote sita nilizihesabu. Ningetoka nje nimwambie baba yako inatosha, nisingekuwa nakununulia darubini za Krismasi. Sikutoka. Nisamehe. Ila leo nimetoka."

Akaketi kwenye benchi. Tulppo akajifanya anaokota maganda. Nilimwogopa kidogo, nisidanganye. Halafu akapangusa uso kwa kofia yake.

"Tulppo," akasema, "lete hiyo ya panya."

Ikaletwa, na boksi la risasi zake. Saima akajilaza kwenye meza, akakishindilia kitako begani pale pale palipokuwa na alama, akashusha pumzi. Ilipolia alitulia sekunde moja, kama anayetafuta maumivu mfukoni asiyaone.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza.

"Ndiyo hivyo tu," Tulppo akasema.

Akapiga nyingine tisa. Mwishoni aliniomba nimtengenezee risasi ya rangi ya kucha inayoingia kwenye bunduki yake. "Sio yangu, Bibi," akaninong'oneza, akimtazama baba yake. "Ya yule."

Wiki tatu hizo kila jioni baada ya shule walirudi uwanjani. Saima ndiye aliyejaza, ile ya rangi ya kucha akiichanganya na nzima. "Usichungulie, Baba! Unachungulia!" Mdomo wa bunduki ulikuwa ukiinama, siku nyingine ukiinama kidogo. Ile ya Onni niliitundika tena juu ya friji, na hapo itakaa.

Tarehe kumi na tano Novemba msimu ulifunguliwa, na shule zikafungwa kama kila mwaka ili watu wakawinde. Tulikuwa kambini tangu jana yake. Kabla hakujapambazuka Roy na Saima wakatoka na bunduki moja, ile nyembamba, kwenye theluji mpya. Nilibaki napasha pasti, mikate yetu ya nyama, na kujifanya sisikilizi. Saa nne kasoro mlio mmoja ukasikika. Mmoja tu. Nikazima moto, nikawasha tena, sijui nilikuwa nafanya nini.

Wakaja wanamburuta dume zuri. Roy alikuwa na mkwaruzo wenye damu juu ya nyusi, darubini ya bunduki ile ilimgonga, maana kitako kilikatwa kufuata urefu wa mkono wa mtoto. Alikuwa anacheka kama mlevi.

"Nani amempiga?" nikauliza.

"Baba," Saima akasema. "Kulungu alikuja upande wake, nikampa bunduki. Mimi wangu kesho."

"Na wewe ulimwona akianguka?"

"Sikumwona, Bibi. Sikuwa naangalia kulungu, nilikuwa naangalia macho ya Baba." Akavua glovu kwa meno, akanishika mkono. "Yalikuwa wazi. Yote mawili. Mpaka mwisho."