Shemeji Aliyejisafisha

"Rudia tena, polepole, nikusikie vizuri. Umemeza nini?"

"Vidonge, dada. Vile vya rangi mbili. Jana na leo asubuhi."

"Vya nini, na wewe huumwi?"

"Si nijisafishe!" Bonge alilikumbatia kopo la hospitali, lililofungwa ndani ya mfuko mweusi. "Kitu kinaingia tumboni mwa shemeji yangu, nimpe uchafu hivihivi? Nina adabu mimi."

Dada mtu alijibwaga kitini. Alikuwa amesema mpaka mate yamemkauka. Daktari naye alieleza kwa maneno ya kueleweka: bakteria wema wa tumboni ndio wanaowafunza askari wa mwili kumjua rafiki na adui. Mumewe, fundi cherehani aliyemeza antibayotiki kwa kila kikohozi, alikuwa amewafagia wote. Akabaki mkorofi mmoja anayemwaga sumu, utumbo ukavimba na kutoa damu. Kila akipewa dawa mkorofi anatulia, kisha anarudi. Sasa ilibaki njia moja: kinyesi cha mtu mwenye afya, kipitishwe kwa mrija, wale wema wahamie upya. Na zamu ya mumewe hospitalini ilikuwa leo mchana.

"Hao bakteria ndio tuliokuwa tunawataka, Bonge! Umewaua! Ulichobeba hapo ni mavi matupu."

Fundi, aliyejilaza kwenye kochi, alicheka kwa shida. "Nilisema mimi. Huyu hata choo chake hakiaminiki."

"Nyamaza nawe! Hivyo vidonge kavitoa wapi kama si kwenye droo ya cherehani yako?"

Fundi akageukia upande wa ukuta. Suruali aliyovaa alikuwa ameipunguza mwenyewe kiuno, tena na tena, mpaka mifuko ya nyuma ikakaribia kugusana.

"Basi tuahirishe," alisema.

"Tuahirishe mpaka lini? Hii ikishindikana wanakukata utumbo, umesikia mwenyewe. Vipimo vilikubali watu wawili. Bonge kajiharibu. Yupo mama."

"Mama mkwe?" Fundi aliinuka kwa kiwiko. "Mama watoto, hapana. Nitamtazamaje usoni yule mama?"

"Ukifa hutamtazama kabisa."

Bonge aliangua kicheko. Dada yake alimgeukia, kicheko kikakatika.

"Mashuka nafua, uji napika, damu nafuta," alimwambia mumewe, akimtupia simu mapajani. "Kubembeleza, basi. Piga mwenyewe, au kaa hapo na heshima zako."

Fundi aliitazama simu. Tumbo likamkata, akajikunja, akauma mto wa kochi mpaka lilipoachia. Kisha akabonyeza.

"Shikamoo, mama... Hatujambo. Aa, si sana, mama." Jasho lilimtiririka. "Nina ombi, na naomba unisamehe kabla sijalisema. Leo... umeshakwenda chooni?"

Bonge alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mwanangu," sauti ya mama mkwe ikasikika chumba kizima, "tangu wanipime nangoja mniulize. Nikaona mmenikataa, nikasema labda nazeeka vibaya. Bado sijakwenda. Nije?"

Mkewe alikuwa ameshamnyang'anya Bonge lile kopo, akalitupa pipani na kumsukuma nje akawashe gari wamfuate mama.

"Usije, mama. Tunakufuata sasa hivi," Fundi alisema, huku akipapasa viatu vyake kwa miguu.